Ukiokota jino Laetoli, usilisafishe kwanza

Jambo la kwanza mgeni hutamani kufanya akiokota jino la kale Laetoli, eneo la visukuku kaskazini mwa Tanzania, ni kulipiga brashi hadi ling'ae. Acha. Lile jivu lililoganda kwenye mizizi ya jino ndilo litakaloeleza limetoka tabaka gani, na jino lisilojulikana tabaka lake halitasaidia sana hata likiwa zuri namna gani.

Matabaka ya juu ya Laetolil (ndivyo yanavyoitwa matabaka ya Laetoli yenye jivu hilo) yana unene wa mita 44 hadi 59, na yaliwekwa kati ya miaka milioni 3.85 na 3.63 iliyopita. Sehemu kubwa ni jivu la volkano lililosambazwa na upepo, na ndani yake mmepita tufu, yaani tabaka za jivu lililoganda kuwa mwamba mgumu, zilizopewa namba 1 hadi 8 kutoka chini kwenda juu. Zijifunze hizo kabla ya kujifunza mifupa. Tufu 7, ya miaka milioni 3.66, ndiyo yenye nyayo maarufu za binadamu wa kale, na pia za sungura, kanga, twiga na tembo. Juu zaidi yako matabaka ya Ndolanya, ambayo sehemu yake ya juu ina umri wa miaka milioni 2.66 hivi. Mvua ikimega kingo, mifupa ya Ndolanya huporomoka na kulala juu ya Laetolil, na kwa macho yote ni myeupe tu. Kosa hilo moja hupotosha umri kwa takriban miaka milioni moja.

Kumbuka kwamba kisukuku (mfupa au jino la kale lililogeuka jiwe) kwenye mteremko hushuka, hakipandi. Kinaweza kuwa kimetoka pale kilipo au juu yake. Chini yake, hapana. Kwa hiyo daftarini usiandike "Tufu 6" kwa sababu tu umekiokota hapo. Andika "juu ya uso wa mteremko, kati ya Tufu 6 na 7", kisha panda hadi ukingoni ukatazame nini kingeweza kuanguka. Kikiwa bado kimeshikwa na mwamba, pima kwa mita umbali wake hadi tufu iliyo karibu.

Hakikisha pia GPS na ramani vinasema lugha moja. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS huanza na WGS84; hii ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali. Tofauti ni karibu mita 300, na Laetoli mita 300 zinaweza kukupeleka korongo jingine kabisa.

Vitakavyokudanganya zaidi ni vijiti vya chokaa vilivyojijenga kuzunguka mizizi ya mimea. Vina umbo la mfupa mwembamba, hata tundu katikati. Shika lenzi ya mara 10 utazame pale palipovunjika: mfupa una ganda gumu nje na vijishimo kama sifongo ndani, chokaa ni unga ulioshikana, haina mpangilio huo.

Wanyama wenyewe wanataka jicho la meno. Sungura Serengetilagus na jamaa za dikidiki ndio utakaowaona kila siku, hivyo usiwadharau: wingi wao ni taarifa. Jino la juu la farasi wa vidole vitatu hufanana na la pundamilia, ila tazama uso wa kutafunia: kile kisiwa kidogo cha enameli (ganda gumu la jino) upande wa ndani kimejitenga peke yake, ambapo kwa pundamilia kimeungana na sehemu nyingine ya jino. Deinotherium, jamaa wa tembo aliyekuwa na pembe zilizopinda chini kutoka taya la chini, ana magego yenye matuta machache ya kukingama, si mabamba mengi kama ya tembo. Ukipata kucha kubwa nzito, usikimbilie kusema ni ya simba. Ancylotherium alikula majani, lakini alikuwa na kucha badala ya kwato. Mabaki ya kiboko na mamba hayamo katika matabaka haya, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kudumu. Ukidhani umepata jino la kiboko, rudi kwenye swali la tabaka.

Mfupa dhaifu uimarishe kwa Paraloid B-72, gundi ya plastiki, iliyoyeyushwa ndani ya asetoni, gramu 5 kwa mililita 100, tone kwa tone, kivulini. Juani asetoni hukauka kabla gundi haijapenya. Hubaki ngozi juu, nayo ikibanduka huondoka na uso wa mfupa. Mfupa ukiwa na unyevu, subiri ukauke, la sivyo gundi hugeuka nyeupe. Meno machache yasiguswe na gundi kabisa, kwa ajili ya vipimo vya isotopu, yaani vya kemia ya jino lenyewe. Udongo uchekeche kwa wavu wa milimita 1. Wa milimita 5 hupitisha meno ya panya yote, na panya ndio wanaoeleza mazingira vizuri.

Eneo liko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), leseni ya kuchimba ya mambo ya kale na ruhusa ya mamlaka ya hifadhi. Usiokote kitu kabla hujavipata vyote.

Kufukia nako ni kazi ya sayansi. Nyayo za binadamu wa kale za eneo G, hapa hapa Laetoli, zilifukiwa 1979 kwa mchanga ambao haukuchekechwa, mawe yakapangwa juu. Mchanga ulikuwa na mbegu za migunga, mawe yakazitunzia unyevu, na miti ikaota juu ya nyayo zenyewe. Ilibidi zifukuliwe upya 1995 na 1996, mizizi ikatwe kwa uangalifu, kisha zifukiwe tena kwa vitambaa maalumu vyenye dawa ya kuzuia mizizi. Basi shimo lako, hata la mita moja, lifukie kwa udongo uliochekechwa, na uwekee alama chini kabisa ili atakayerudi ajue uchimbaji uliishia wapi.