Nimwambie mpenzi wangu kwamba sina makaratasi?

Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 17 na ninaishi Minneapolis na mama. Tulitoka Kisumu nikiwa na miaka sita, tukaingia kwa viza ya matembezi, na muda wake ulipokwisha tukabaki. Tangu mwaka jana nina mpenzi, mwanafunzi mwenzangu ambaye ni raia. Darasa letu linapanga safari ya Winnipeg, na kila anaponiuliza kama nimepeleka nakala ya pasipoti, namjibu kwamba basi hunitapisha. Sasa anaamini kwamba ninamkwepa. Mama amenikataza kutoa siri ya nyumbani, na rafiki yangu anasema nikifikisha miaka 18 nikubali tu kuolewa naye, mambo yaishe. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Safari hiyo usiende, kwa sababu ukishavuka kuingia Kanada bila viza hai ya Marekani hutakuwa na njia ya kurudi kwa mama yako. Mwambie mwalimu kwamba hutasafiri. Sababu huwajibiki kuitoa.

Mama hakukosea kukufunza kunyamaza, kwani siri hiyo ni yake pia, na ikivuja huenda akaumia yeye kwanza. Zungumza naye kabla ya kuzungumza na kijana. Lakini kisa cha basi kiache, maana kinamfanya mtu anayekupenda ajione amekataliwa. Mwambie kwamba kuna jambo la kifamilia linalokuzuia kusafiri, kwamba halimhusu yeye, na kwamba utamweleza utakapokuwa tayari. Akikubali kungoja bila kukununia wala kukupekua simu, ameonyesha kwamba anaweza kuaminiwa zaidi. Siku ukimweleza, mweleze kwa mdomo, kwa kuwa ujumbe wa simu hubaki hata penzi likiisha.

Ni kweli kwamba aliyeingia kwa viza akiolewa na raia kwa ndoa ya dhati anaweza kuomba ukaazi bila kutoka nchini. Hata hivyo nakusihi usiingie katika ndoa kwa kuharakishwa na makaratasi, kwani utaogopa kugombana na mwenzako hata pale ambapo haki iko upande wako, na hayo si mapenzi ninayokutakia.

Mtafute wakili wa uhamiaji kabla hujatimiza miaka 18, kwa sababu siku hiyo ndipo hesabu ya kukaa bila kibali inapoanza, na anayepitisha mwaka mzima kisha akatoka nchini anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 10. Kama baba yako aliwatelekeza, usione haya kulisema hilo, kwani ipo hadhi maalumu kwa vijana waliotelekezwa na mzazi. Mwulize pia kuhusu leseni ya udereva, ambayo Minnesota, tangu Oktoba 2023, huitoa bila kujali hali ya uhamiaji. Na katika fomu yoyote, hata ya kazi ya likizo, usiweke kamwe alama penye neno raia, maana kosa hilo linaweza kukufungia mlango hata ukija kuolewa.