Kuta za kwari zinabanduka, tupige bolti?

SWALI: Habari mhariri. Sisi ni vijana wa huku Nakuru, kuna kwari iliachwa kitambo na wikendi huwa tunaenda kupanda kuta zake, shida ni mawe yanabanduka ukiyashika, juzi moja lilimpita huyo anashika kamba chini karibu limpate kichwa. Tuko na hanesi (ule mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba) na kamba poa. Sasa tukipiga bolti, vile vyuma vya kuingizwa ndani ya jiwe ili kushikilia kamba, si tutakuwa salama? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kaka, bolti hapo haisaidii. Nguvu yake ni ya jiwe lenye imeingia, na mawe mengi ya kujengea huko kwenu ni jivu la volkano lililoshikana, laini, ndio maana fundi anayachonga kwa mkono. Tena kama walilipua baruti, nyufa zimeingia ndani kuliko unavyoona. Mvua ikinyesha jiwe linanyonya maji na kulegea, kwa hivyo Aprili hivi mngekaa tu nyumbani.

Mkishikilia kwenda (na najua mtaenda), kamba itoke juu. Fungeni kwa miti miwili hai, minene, iko mbali na ukingo, halafu kamba ya kufungia, ile isiyovutika, iteremke ipite ukingo kabisa ndio ile ya mpandaji isisugue pale juu, maana hapo ndipo kokoto zinaangushwa na kamba yenyewe watu wakidhani ni mpandaji. Kabla ya yote mmoja ashuke amefungwa, aangushe kila kinachotikisika, na chini kusiwe na mtu. Jiwe ligonge kwanza, likilia kama mtungi mtupu liache. Lenye unaliamini livute kwenda chini, usilivute kuja kwako.

Mwenye anashika kamba asisimame chini ya mpandaji, akae kando, na helmeti avae pia yeye. Ile ya mjengo ni afadhali kuliko kichwa wazi lakini ukanda wake umetengenezwa uachilie ukivutwa, ukianguka na kuyumba inaweza kutoka.

Ila mimi ningewapeleka mbuga ya Hell's Gate, si ni Naivasha tu, kaunti yenu hiyo hiyo. Fischer's Tower, ile nguzo ya jiwe huko ndani, ni mita 25 hivi na watu wameipanda miaka mingi. Ulizeni pia Mountain Club of Kenya, wako tangu 1949, mwende na mtu anajua kufunga hizo kamba.

Na mwenye shamba la hiyo kwari, mlimuuliza?