Ofisi ya Serikali ya Mtaa Si ya Barua Tu

Waulize wapangaji wa Dar es Salaam ni lini mara ya mwisho waliingia ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi watakujibu: nilipofuata barua. Barua ya kufungulia akaunti benki, ya kumwekea ndugu dhamana polisi, ya kuombea kitambulisho cha NIDA. Muhuri ukishagongwa, mtu anasepa mpaka shida nyingine imrudishe.

Mimi nimepanga Temeke miaka mingi. Nyumba nimehama, manispaa sijahama. Kila anayehamia huku akiniuliza aanzie wapi, namwambia akajitambulishe mtaani kabla hajawa na shida. Mambo mengi ya mtaa hayatangazwi redioni. Yanabandikwa kwenye ubao wa ofisi, yanasemwa mkutanoni, yanapita kwa mjumbe. Usipojulikana, fomu zinatolewa na kurudishwa wewe uko kwenye daladala ya Mbagala Rangi Tatu, huna habari.

Kwanza jua nani ni nani. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na makaratasi yapo kwake. Mwenyekiti unaweza kumkosa kwa sababu yuko msibani au anaamua ugomvi wa mfereji wa maji machafu, kwa hiyo mtendaji mzoee mapema. Halafu kuna mjumbe wa nyumba kumi. Asili ya cheo chake ni chama cha siasa, lakini ukweli ni kwamba hakuna anayejua nani kalala wapi kama yeye. Nenda na kitambulisho chako, jina la mwenye nyumba, na namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi. Omba uandikwe kwenye daftari la wakazi. Basi, kazi imeisha, na hukuomba kitu.

Ukidaiwa hela ya huduma, uliza kwa upole: "Mama, kontrol namba iko wapi?" Malipo halali ya serikali yana namba hiyo na yana risiti. Mara nyingi swali lenyewe linatosha.

Mkutano wa mtaa ndio watu wanaoudharau zaidi, wapangaji hasa, wakidhani ni wa wenye nyumba. Si kweli. Mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana nafasi pale, awe na hati ya kiwanja au awe anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Ndiyo, unachosha. Utaanza umechelewa, na kuna mzee mmoja lazima aeleze historia ya mtaa tangu enzi za mikorosho. Vumilia. Hapo ndipo mnasomewa mapato na matumizi, mnakubaliana kuhusu ulinzi shirikishi na mzoa taka. Kaya maskini za kuingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya hizo, nazo hutajwa na wananchi wenyewe mkutanoni. Ikiwa jirani yako ni bibi anayelea wajukuu peke yake na hakuna aliyesimama kumtaja, usije ukalalamika baadaye kwamba wanapewa wenye uwezo. Ulikuwa wapi?

Sasa mikopo, maana najua wengi wenu ndiyo mliyoisubiri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele nyingi za vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na siku hizi maombi huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wanawake na vijana wanaomba kama kikundi, kuanzia watu watano. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake.

Vikundi vingi nilivyoviona vikikwama havikukwama kwa afisa. Vilikwama kwa sababu watu walikusanyana juzi waliposikia kuna hela. Kikundi kinatakiwa kiwe na katiba, viongozi, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao na andiko la mradi. Wajanja wanakimbilia steshenari kununua katiba na andiko lililokwisha chapwa, wanabadilisha jina tu. Afisa akija kuwatembelea akauliza kuku mmoja anakula kiasi gani kwa wiki, mnatazamana. Andikeni wenyewe, hata kwa kalamu, biashara ambayo angalau wawili kati yenu wanaifanya tayari.

Kikundi nilichokaribishwa mimi kilikuwa cha mama lishe na washonaji, na kabla ya kugusa fomu yoyote tuliweka akiba pamoja kila wiki kama kikoba cha kawaida. Hapo ndipo mnajuana. Anayechelewesha hisa ya elfu mbili leo atachelewesha rejesho kesho, na deni ni la wote. Mweka hazina msimchague kwa sababu anaongea vizuri. Mchagueni anayeandika kila kitu, hata akiwa mkali kidogo. Mkali ni bora. Na kama mkopo hautoki msimu huo, akiba yenu ipo palepale na kikundi kinaendelea.

Kwa wenye wazazi: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali, na utambuzi wake unaanzia huku huku mtaani. Mshughulikie angali mzima. Kwenda kumtafuta mtendaji huku mzee anahema kwenye bajaji ni mateso yasiyo na sababu. Akishakuwa na kitambulisho, hospitalini tafuta dirisha la wazee na lile bango la "Mpishe mzee", na usione haya kulionyesha kwa kidole.

Kuhusu migogoro nitasema kidogo. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja upelekeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, halitoi hukumu, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mirathi na ndoa sisi wa Temeke tumebahatika: Kituo Jumuishi cha mahakama kwa masuala ya familia kipo kwetu tangu 2021, na msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo unapatikana humo humo. Kwa mirathi, nenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Hayo usiyasubirishe mkutano.

Kama mambo ya ofisi hayakuvutii kabisa, ingia kwa mlango mwingine: klabu ya jogging. Huku kwetu kila kona ina klabu, alfajiri ya Jumapili utawasikia na filimbi na nyimbo kabla hujaamka. Usidanganyike na jina. Hao wakimaliza kukimbia wanachangiana misiba, wanakwenda kuona wagonjwa, wanatoa damu, wanafanya usafi ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwenye bonanza unakutana na diwani akiwa kwenye bukta, ndiyo saa nzuri ya kumuuliza habari za barabara. Kijana mgeni asiyejua mtu hata mmoja anapata watu arobaini ndani ya asubuhi moja. Uliza kwanza ada ya mwezi ni kiasi gani na kama jezi unanunua mwenyewe, maana jezi zao zinabadilika kila bonanza.