Umoja na wingi katika Kiingereza: ushauri kwa anayeanza

Kwa miaka mingi nimesahihisha maandishi ya Kiingereza ya wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, na kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Makosa ya umoja na wingi ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na mengi kati yake hayatokani na kutojua kanuni. Mwanafunzi anayeweza kutaja wingi wa “mouse” na wa “ox” bila kusita ndiye huyo huyo anayeandika “three book” katika mstari unaofuata. Nilichelewa sana kuelewa sababu yake, ndiyo maana naanza nayo.

Tazama sentensi hii: “Kalamu zangu zimepotea.” Nomino “kalamu” haikubadilika hata kidogo, lakini hakuna msomaji atakayedhani imepotea kalamu moja, kwa kuwa wingi umetajwa katika “zangu” na ukarudiwa katika “zimepotea”. Sasa iseme kwa Kiingereza: “My pens disappeared.” Neno “my” lingekuwa hilo hilo kwa kalamu moja, na kitenzi nacho kingebaki vile vile. Wingi wote wa sentensi umebebwa na herufi moja, ile “s” ya mwisho wa nomino. Sisi tumezoea lugha ambayo upatanisho wa kisarufi husambaza habari ya idadi katika sentensi nzima, kwa hiyo kiambishi kimoja kikidondoka bado vipo vingine vya kuitunza. Katika Kiingereza “s” hiyo ikidondoka, mara nyingi habari yenyewe imepotea, na msomaji hana mahali pengine pa kuitafuta. Tangu nilipolitambua hilo sikuiona tena “s” kama pambo la mwisho wa neno.

Kwa upande mwingine, usiubebe upatanisho wetu na kuupeleka mahali usipohitajika. Kivumishi cha Kiingereza hakifuati idadi: ni “good book” na “good books”, ingawa sisi tunasema kitabu kizuri na vitabu vizuri. Vinavyobadilika ni vionyeshi, yaani “this” inayokuwa “these” na “that” inayokuwa “those”. Vilevile nomino iliyotanguliwa na namba, ikitumika kueleza nomino nyingine, hubaki katika umoja, ndiyo maana ripoti ya kurasa kumi ni “a ten-page report”.

Kuna pia tatizo la sikio, ambalo walimu wengi hulipita haraka. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu huchoka upesi unapokutana na konsonanti mbili au zaidi mfululizo mwishoni, kama katika “books” au “desks”, na kile ambacho ulimi haukitamki, mkono nao husahau kukiandika. Sauti yenyewe si moja. Baada ya sauti kama p, t, k na f husikika s; baada ya irabu na sauti nzito kama b, d na g husikika z, ingawa herufi inabaki “s”; na baada ya sauti kama s, z, sh na ch huongezeka silabi nzima, kama katika “boxes” na “churches”. Zoezi lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kusoma kwa sauti vifungu ambamo neno linalofuata huanza kwa irabu, kwa mfano “books are” au “pens in”, nikiiunganisha ile sauti ya mwisho na irabu iliyo mbele yake. Hapo ulimi hupata silabi unayoijua.

Kuhusu kuunda wingi, kanuni za tahajia ni chache na utazikuta katika kitabu chochote cha sarufi: “baby” huwa “babies” kwa sababu kabla ya “y” kuna konsonanti, wakati “boy” huongezewa “s” tu, “knife” huwa “knives”, lakini “roof” huwa “roofs”. Maneno yasiyofuata kanuni huwatisha wanaoanza, nami nadhani yasingetisha sana kama tungeelezwa yalikotoka. Katika hatua ya kale ya lugha hiyo, wingi wa neno lililozaa “foot” ulikuwa na kiambishi tamati chenye sauti ya i. Sauti hiyo iliivuta irabu ya shina kuelekea kwake, kisha kiambishi chenyewe kikatoweka, na kilichobaki ni irabu iliyobadilika katika “feet”. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa “teeth”, “geese”, “mice” na “men”. Neno “children” limebeba alama mbili za wingi, moja ya kale yenye r na nyingine ya baadaye yenye n, kwa hiyo anayeandika “childrens” kwa maana ya watoto anaongeza ya tatu. Kwa “sheep” na “deer” usipate shida: hayabadiliki umbo, sawasawa na “nyumba” au “ndizi” kwetu.

Hata hivyo, anayeyajua maneno hayo yote kwa moyo bado hajafika kwenye kiini cha suala. Swali kubwa zaidi ni hili: je, nomino hii inahesabika kwa Kiingereza? Hapa Kiswahili huweza kukupotosha. Sisi tunasema maji yamemwagika, maziwa yamechacha, nywele zimekua, vifaa vimefika, mizigo imepotea, zote zikiwa na upatanisho wa wingi, ilhali Kiingereza huzichukua “water”, “milk”, “hair”, “equipment” na “luggage” kuwa nomino zisizohesabika, na kitenzi chake huwa cha umoja. Ndipo zinapozaliwa “equipments”, “luggages” na “furnitures”. Barua yangu ya kwanza ya kuomba nafasi ya masomo ilikuwa na neno “informations” katika aya mbili, na niliipeleka nikiamini haina kosa, kwa sababu nilikuwa nimeihakiki tahajia tu. Kwa neno “advice”, Kiswahili kinakusaidia: ushauri hatuuhesabu moja, mbili, tatu, nao hawauhesabu. Ukihitaji kuhesabu, tumia “a piece of advice” au “two pieces of furniture”, na wingi ukae kwenye “pieces”.

Kamusi za wanaojifunza huonyesha jambo hili kwa herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Itafute herufi hiyo kila unapoandika nomino mpya kwenye daftari lako, kwa kuwa nomino nyingine huwa na zote mbili, na maana hubadilika: “experience” isiyohesabika ni uzoefu, lakini “experiences” ni mambo yaliyompata mtu, “paper” ni karatasi kama malighafi, na “papers” huweza kuwa nyaraka au makala za kitaaluma. Umbo la nje nalo si la kuaminiwa. “News” na “mathematics” zina “s” lakini huchukua kitenzi cha umoja. “People” na “police” hazina “s” na huchukua cha wingi. “Criteria” na “phenomena” ni wingi wa “criterion” na “phenomenon”, kwa hiyo “a criteria” ni kosa, hata kama utaliona limeandikwa na watu wenye elimu kubwa. “Data” imekwisha kuzoeleka kama umoja katika matumizi ya kawaida, ingawa maandishi mengi ya kitaaluma bado huihesabu kuwa wingi.

Kosa jingine hujificha katika “one of my friend”. Katika “mmoja wa rafiki zangu” wingi uko kwenye “zangu”, na tumekwisha kuona kwamba “my” haiwezi kazi hiyo. Lazima iwe “one of my friends”. “Every” na “each”, kwa bahati nzuri, hufanya kazi kama “kila” yetu, na nomino inayofuata hubaki katika umoja.

Mwisho ni kitenzi kilicho mbali na kiima chake. Wanafunzi wengi huandika “The quality of the photos have declined”, kwa kuwa neno lililo karibu na kitenzi ni “photos”. Unapopata shaka ya namna hiyo, itafsiri sentensi kimoyomoyo. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema “ubora wa picha hizo zimeshuka”; atasema “umeshuka”, na kiambishi hicho kitakuonyesha papo hapo kwamba kiima ni “quality” na kwamba kitenzi kinachotakiwa ni “has”.