Watamu na watoto wasiojua kuogelea: anzeni na maji ya magotini

Dada, umesema una watoto watatu, wa miaka 5, 8 na 11, hakuna anayejua kuogelea. Mama mkwe anakuja nanyi, mna siku tano Desemba, na mnataka watoto waone matumbawe bila purukushani. Nimekwenda Watamu, huko pwani ya Kenya, na familia yangu mara tatu. Mara ya kwanza niliharibu, mbili zilizofuata zilikuwa likizo tamu kuliko zote tulizowahi kwenda, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Mara ya kwanza tulienda Agosti. Upepo wa kusi ulikuwa umekaza, mwani umejaa ufukweni, bahari imechafuka. Siku ya kwanza asubuhi tukapanda boti, kwa kuwa tulikuwa tumeshalipa. Mwanangu wa miaka 7 akavalishwa miwani ya kuzamia ya mtu mzima, akateremshwa kwenye maji yasiyo na mwisho chini ya miguu yake. Maji yakamwingia puani, akamng'ang'ania mama yake shingoni, na siku zote zilizobaki hakukubali tena kuingia baharini. Yule mwenye boti hakuwa na subira na mtoto, lakini kosa lilikuwa langu mimi mzazi niliyemruhusu.

Desemba mmechagua vizuri. Upepo wa kaskazi ukishaingia, bahari hutulia na maji huwa meupe, unaona hadi mchangani. Ila tarehe yenyewe iangalieni kwa mwezi, si kwa kalenda ya kazi peke yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Watamu hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku kupwa kunasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hiyo ndiyo saa ya watoto: mwamba wa nje unazuia mawimbi, na ndani panabaki kama bwawa. Mkifika wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji yatakuwa yamejaa na kupwa kutakuja jioni, saa kumi hivi. Mtaona samaki, lakini watoto wataogopa zaidi.

Sasa, siku mbili za mwanzo msipande boti yoyote. Kwenye ghuba ya Watamu kuna majabali ya matumbawe ya kale yaliyosimama kama uyoga, na maji yakipwa mnayafikia kwa miguu. Pembeni yake hubaki vidimbwi. Hapo ndipo binti yangu alipoona kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kwa mara ya kwanza, chekundu, kimetulia kwenye mchanga. Alilala kifudifudi kwenye maji yasiyofika hata magotini, uso ndani ya maji, nimemshika kiuno. Dakika moja, akainuka. Dakika mbili. Siku ya pili nilikuwa nimeshamwachia na hakujua. Wavisheni viatu vya plastiki vya kufunga, kwa maana kuna wale wadudu weusi wa bahari wenye miiba kama sindano. Wenyeji wakichomwa hupaka utomvu wa papai bichi. Na mrudi pwani mara tu maji yanapoanza kujaa, msingoje.

Miwani ndiyo kila kitu. Nunueni ya watoto huko Nairobi au Mombasa, msitegemee za kukodi. Mwekee mtoto usoni bila kufunga mkanda, avute pumzi kwa pua: ikijishikilia yenyewe, inamfaa. Nywele zisibaki ndani ya mpira, hata unywele mmoja hupitisha maji. Wekeni mate kwenye kioo, suuza, basi, ukungu hauji. Mdogo wa miaka 5 mwacheni bila mrija wa kupumulia. Avae jaketi la kuokolea, achungulie tu, akitaka kupumua ainue kichwa. Na wote wavae fulana za mikono mirefu. Mgongo wa mtoto anayeelea huungua kabla hajasikia joto.

Siku ya tatu ndiyo mpande boti. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitengwa 1968 pamoja na ile ya Malindi, na ndani yake hakuna kuvua, ndiyo sababu samaki hawakimbii mtu. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, lipeni usiku wa kuamkia siku hiyo muepuke kuhangaika na simu ufukweni. Chagueni boti yenye sakafu ya kioo, ili mama mkwe aone kila kitu akiwa amekaa na leso yake kichwani. Mama mkwe wangu ndiye aliyemwona samaki taa kabla ya sisi tuliokuwa majini! Mwambieni nahodha mapema kwamba hamtaki samaki watupiwe mkate. Wetu, mzee wa hapo hapo, alifurahi kusikia hivyo.

Binti yangu akamwuliza, "Babu, hili ni jiwe?"

"Si jiwe, mjukuu wangu, ni mnyama. Ukimkanyaga umemuua."

Kisha akatuonyesha tumbawe kubwa la mviringo, upande mmoja umekufa, upande mwingine hai. Alisema upande ule ulikufa 1998, mwaka ule bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe yakafa. Tumbawe la aina hiyo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Binti yangu akapima kwa vidole vyake kiasi lilichokua tangu azaliwe, akanyamaza.

Mkiwa majini, nyamazeni na msikilize. Ule mlio wa kutafuna, kama mtu anavunja karanga karibu na sikio, ni samaki waitwao pono wanakwangua mwamba. Mchanga mweupe mnaokanyaga ufukweni, sehemu yake imepita matumboni mwao.

Siku mbili za mwisho zisiwe na ratiba. Asubuhi mahamri na mbaazi, siku moja magofu ya Gede kabla jua halijawa kali, jioni moja ghuba ya Mida mkatembee juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Mama mkwe atapenda.

Kwa safari, treni hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi, mnashuka Gede na kuchukua tuktuk. Tiketi za treni za Desemba huisha haraka. Niandikie hapa tarehe mnazofikiria kabla hujalipa, nikupigie hesabu ya maji ya kila siku.