Kujipanga kwa chuo cha meno Marekani: hesabu miaka kuanzia mwisho

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kama ni lazima usome shahada ya biolojia ili uingie chuo cha meno hapa Marekani, na DAT, mtihani wa kuombea nafasi chuo cha meno, ufanywe lini. La kwanza, si lazima. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyetoka kwenye historia na dada aliyesomea muziki. Vyuo vinataka kuona masomo ya msingi ya sayansi umeyamaliza na kwa alama gani. Soma unachokipenda, ndicho utakachofaulu.

La pili ndilo lililoniumiza. Shahada ya kwanza ni miaka minne, lakini kama unataka kuunganisha bila kukaa nyumbani, una mitatu tu. Maombi hutumwa Juni, mwisho wa mwaka wa tatu, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuanza chuo cha meno, na DAT iwe karibu imekwisha. Kwa upande wa sayansi, DAT inauliza biolojia, kemia ya jumla na kemia ogani, yaani kemia ya misombo ya kaboni. Sasa tazama: ogani huigusi mpaka umalize kemia ya jumla, kwa kawaida mwaka mzima. Ogani yenyewe ni mwaka mwingine, na baiokemia, kemia ya viumbe hai, iko nyuma yake. Moja ikikwama, zilizo nyuma zote zinasogea. Fizikia haimo kwenye DAT, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kungoja mwaka wa tatu.

Mimi sikuhesabu. Mwaka wa pili nilirundika ogani, fizikia na biolojia muhula mmoja. Maabara tatu kila wiki, kila moja na ripoti yake. Ogani nikapata D. Nikairudia, nikapata A, nikadhani yameisha. Kumbe AADSAS, mfumo ambao vyuo vingi hupokelea maombi, unahesabu alama zote mbili, hata kama chuo chako kimeshaifuta ile ya kwanza. Nikachelewa mwaka mzima. Tafadhali usirundike.

Kuna sehemu ya DAT ambayo watu huidharau, ile ya kupima jicho: maswali 90 kwa dakika 60. Unaonyeshwa karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, useme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Hakuna darasa linalofundisha hilo. Nilikunja karatasi za kweli na kuzitoboa kwa penseli kila jioni, mpaka jicho likazoea.

Halafu nenda ukakae na daktari wa meno kazini, mwaka huu huu wa kwanza. Siku yangu ya kwanza nilitazama mkono wa daktari tu. Kabla chombo hakijagusa jino, kidole cha pete kilitua kwenye jino la jirani kikabaki hapo. Mgonjwa akisogeza kichwa, mkono unakwenda naye. Meno ya juu ya nyuma aliyashughulikia akitazama kioo kidogo, ambamo mbele huwa nyuma, na mkono wake haukusita. Nilitoka pale nikiwa na hakika naitaka kazi hii, na hakika hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ogani mara ya pili. Kila ukitoka, andika tarehe, saa ulizokaa na ulichokiona, maana fomu ya maombi itakuuliza.

Niandikie masomo uliyokwisha kuchukua na yaliyobaki, muhula kwa muhula, nikusaidie kuyapanga.