Chupa niliyoitupa mtaroni: je, nina dhambi kwa madhara yanayotokea baharini?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi siishi karibu na bahari. Nikimaliza kunywa maji huwa natupa chupa mtaroni, mvua ikinyesha inachukuliwa. Sasa naambiwa plastiki hizo hufika baharini zikaua kasa na samaki. Sikukusudia hilo, na taka zangu si lolote mbele ya za viwanda. Je, nina dhambi? Na nitatubu vipi ilhali chupa zenyewe siwezi kuzirudisha?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kutupa taka mtaroni lilikuwa kosa hata kabla hujasikia habari ya kasa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema imani ina tanzu sabini na kitu, na ya chini yake ni kuondoa udhia njiani. Wewe ulikuwa unauweka. Mtaro ukiziba, maji machafu humwagika milangoni mwa watu, na hilo halihitaji elimu ya bahari kulijua.

Ama baharini, mambo ni mazito zaidi. Plastiki haiozi. Jua na mawimbi huikatakata vipande hata visivyoonekana kwa jicho, na samaki huvimeza. Mfuko unaoelea kasa huudhania konyeza, kiumbe laini wa baharini anayemla, akaula. Tumbo hujaa kitu kisichosagika, akafa kwa njaa huku ameshiba. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Tofauti yenu ni kwamba yeye alijua anachokifanya.

Hapo ndipo penye udhuru wako. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba hapana lawama juu yenu kwa mliyoyakosea, ila kwa yale ziliyoyakusudia nyoyo zenu. Kwa hiyo kasa aliyekufa kabla hujajua, nataraji hutaulizwa kwa ajili yake. Lakini udhuru huo ulikoma siku ulipoambiwa. Anayejua chupa inakokwenda kisha akaitupa hawezi tena kusema hakukusudia.

Kuhusu viwanda umesema kweli, wala sipendi mawaidha yanayomtwika mnywaji wa maji peke yake. Anayezalisha plastiki bila kujali mwisho wake ana hesabu kubwa kuliko yako. Ila hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe, na uzito wa chembe moja ya shari utaonekana.

Toba yako ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Chupa zilizokwenda hukukalifishwa kuzifuata. Mema huondoa maovu (Hud, 114), basi okota za wengine, hasa karibu na mitaro kabla ya mvua, na baada ya mikusanyiko yetu ya dini, ambako, kwa aibu yetu, chupa hubaki zimetapakaa hadi mlangoni mwa msikiti. Pasipo na pipa, rudi nayo nyumbani. Ukishaiweka pahala pake kisha upepo au wazoaji wakaipoteza, huna dhambi.

Wallahu aalam.